Daktari Aliyeninyima Msiba Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Sheikh wetu wa Mkuyuni, Sista Veronika, mwenye funguo zote za hospitali hii, pamoja na zile ambazo hata yeye hajui zinafungua nini, Daktari Irene, unayekalia kiti kuanzia leo, wauguzi, na wagonjwa mnaochungulia madirishani mkidhani hatuwaoni, wazee wangu, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ndugu ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya pilau: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Kama kuna mtu amebaki bila salamu anyooshe mkono, nimpe ya kwake peke yake.

Kwa wasionijua, mimi ni Lukasi, fundi cherehani wa hapa Mkuyuni. Nasema fundi cherehani kwa heshima tu, maana tangu biashara iwe huria na mitumba ishuke kwa malori, sishoni tena nguo mpya. Napunguza. Wazungu wanavaa wakiwa wanene, sisi tunavaa tukiwa tumekonda, na hapo katikati ndipo ninapopata unga wa watoto. Hata nikitazama meza kuu kutoka hapa naona kazi yangu imekaa vizuri. Mheshimiwa, mikono ya koti hilo niliipunguza mimi, aliyeleta ni dereva wako, akaniapisha nisiseme. Sijasema.

Mtajiuliza pia kwa nini mtu mzima amefunga skafu ya sufu shingoni katika jua hili la Morogoro. Ni swali zuri na lina jibu. Nitalitoa mwisho, na atakayeondoka mapema atakosa pilau na atakosa jibu.

Kamati imeniagiza nitoe maneno ya shukrani kwa Daktari Hafidhi, anayestaafu leo na kwenda kulima mpunga Dakawa. Nimewaitikia, nikala chai yao ya kamati, nikafuta mdomo. Lakini mbele yenu wakubwa wote, mtaniwia radhi, mimi sikuja kushukuru. Nimekuja kumshitaki. Daktari huyu mnayemwona ametulia pale, na miwani yake imefungwa uzi wangu mweusi, aliniingilia haki yangu ya ukoo. Alininyima msiba.

Msicheke kwanza. Mheshimiwa ni mgeni katika milima hii, naomba nimweleweshe. Sisi Waluguru tuna ukoo wa upande wa mama, tunauita lukolo, na kila lukolo una watani wake. Mtani si rafiki, wala si adui. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na usimfanye kitu. Lakini siku ukifa, huyo huyo ndiye anayekuja mbele. Anaigiza sauti yako, anatembea mwendo wako, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe chake, anawachekesha wafiwa mpaka wakumbuke kula. Ndugu wanalia, mtani halii. Kulia si kazi yake, na akilia anatozwa faini.

Mtani wangu mimi ni Bi Mwaisha. Yule pale safu ya tatu, mwenye kanga ya njano, anayejifanya anafukuza nzi. Simama watu wakuone. Hataki. Mwaisha ni mfanyabiashara wa ndizi, na sauti yake mnaijua, kwa sababu akitangaza bei hapa sokoni, Matombo wanapunguza ya kwao. Tangu tukiwa vijana ananiita Lukasi Kiraka. Nami tangu tukiwa vijana nilikuwa najiandaa kwa msiba wake. Nilishajua nitaingiaje, nimevaa kanga, na mkungu kichwani, nikigombana na wateja hewani. Nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba mpaka mke wangu akaniombea.

Basi mwaka wa tisini na tatu, mwaka ule maduka ya dawa yalipoota kila kona kama uyoga, Mwaisha akaugua. Na hapa ninasema kwa ruhusa yake, tena kwa amri yake. Jana kaniambia, "Utaje jina la ugonjwa, Kiraka, usizungukezunguke kama mganga wa kienyeji. Wanawake wasikie, wakapime mapema." Ni saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa akitokwa damu miezi na miezi, anaficha, anafunga kanga juu ya kanga, anauza ndizi. Alipoanguka gulioni ndipo akaletwa hapa, amepauka midomo, na sauti ile imekuwa kama ya mtoto mgonjwa.

Mimi nilikuja kumtazama nikiwa nimetayarisha utani wangu wote. Nikamwona kitandani. Utani ukanikwama, na machozi yakanilengalenga. Unajua aliniambia nini, Mheshimiwa? Mtu hana nguvu ya kuinua kikombe, akaninyooshea kidole. "Mtani halii," akasema. "Ukidondosha chozi hapa, nitakutoza jogoo."

Nikampa Daktari Hafidhi nafasi ya kufanya kazi yake, na yeye badala ya kufanya kazi akaanza kufundisha. Ninyi nyote mnajua ugonjwa wake daktari wetu. Ukimwuliza saa ngapi, atakuchorea saa. Aliporudi kutoka masomoni ng'ambo alikuja na wazo moja tu kichwani, kuhusu saratani, na wazo hilo amelieleza kwa kila mtu aliyekaa karibu naye, akiwemo kinyozi. Siku ile akatukusanya ndugu na watani kibarazani, akachukua chaki, akachora ukutani kwa Sista Veronika. Sista, alama bado ipo, mmeipaka rangi mara mbili na bado ipo.

Alisema hivi. Uvimbe wa saratani ni kama soko letu tangu biashara iwe huria. Kila mtu anajenga kibanda, wa leo kaegemea wa jana, hakuna aliyepima, hakuna njia. Kwa nje unaona pamechangamka, lakini ukiingia katikati hakuna pa kupita, mishipa ya damu haifiki, na hewa haifiki. Ungedhani wale wa katikati watakufa kwa kukosa hewa. Wapi! Hao ndio wanaokuwa wakorofi kuliko wote. Wanazoea shida, wanakuwa sugu, kisha wanaanza kupeleka ishara nje, kupiga kelele waletewe mishipa kama wananchi wanaodai barabara. Na mwili, kwa upole wake, unawaletea.

Akaendelea. Mwili nao unapeleka askari wake kupigana na uvimbe, na hao askari wakifika wanawasha moto. Pale pawakapo panakuwa pekundu, panauma, panavimba. Lakini badala ya kuvunja vibanda, askari wale wanazoeana na wenye vibanda. Wanakaa, wanaagizwa chai, wanakuwa wateja. Mwishowe moto wao ndio unaopikia soko lote. Mheshimiwa, mfano huu wa mgambo kwenda kuvunja vibanda na kubaki wakinywa chai ni wa daktari. Mimi fundi cherehani nisingethubutu.

Akamalizia kwamba huko duniani wataalamu wanatafuta dawa za kuziba mdomo wa uvimbe, usipeleke zile ishara, na dawa za kuwazima askari wale moto wao. Kwamba dawa hizo bado, na pengine zitakuja sisi tukiwa tumelala makaburini. Lakini kwa Mwaisha yapo mambo mawili tunayoweza kuyafanya kwa vilivyopo. La kwanza, tutulize moto. La pili, uvimbe upate hewa, maana atapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi, na mionzi haiuwezi vizuri uvimbe uliokosa hewa.

Maneno mazuri kabisa. Tatizo lilikuwa moja. Daktari, ukiwa umesoma mpaka ukavaa joho, hukujua kwamba katika Kiswahili chetu uvimbe ni uvimbe. Donge la saratani ni uvimbe, na kuvimba kwa jipu nako ni uvimbe. Kwa hiyo aliposema, kwa uso mkavu kabisa, "Tutaanza na kutuliza uvimbe ulioko ndani ya uvimbe," kaka yake Mwaisha, Bwana Salehe, alishika kichwa. "Kumbe yako mawili!" akapiga ukelele. "Moja limelimeza jingine!" Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Kinole kwamba uvimbe wa Mwaisha una mimba.

Na lile la hewa ndilo lililotumaliza. Mtu mzima ameambiwa dada yake anakufa kwa sababu uvimbe umekosa hewa. Wewe ungefanyaje? Bonifasi, yule fundi baiskeli, alipiga hodi mlangoni akiwa na pampu mkononi. Anajitolea. "Mimi upepo nawajazia watu bure siku za shida," akamwambia Sista, "ila mnionyeshe wenyewe pa kuingizia." Bonifasi, usiiname, wewe ulikuja kwa moyo mwema. Sista ndiye aliyekufukuza na fagio.

Salehe yeye akaenda mjini. Mnakumbuka miaka ile, kila kitu kilikuwa kinatoka Dubai, kila duka lina kitu ambacho mwenye duka mwenyewe hajui ni cha nini. Akaingia duka moja pale karibu na stendi, akaona kopo zuri la kupuliza, lina picha ya mlima, na mlima ule unafanana na Uluguru kabisa, na ukungu wake. Juu yake maandishi ya Kiingereza. Salehe Kiingereza alikisoma, hatukatai, mpaka mwalimu alipohamishwa. Akasoma neno kwa neno, akatafsiri: Hewa Mbichi. Akanunua, akarudi mbio.

Ndugu wageni waalikwa, lilikuwa kopo la marashi ya chooni.

Alifunga mlango wa wodi, akafunga madirisha ili hewa isipotee, akampulizia dada yake kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anapulizia mbegu dawa ya dumuzi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba na wao wapigwe kidogo, akawapiga, hana choyo. Daktari alipoufungua mlango alirudi nyuma hatua. Mwaisha alikuwa amekaa kitandani anapiga chafya, machozi yanamtoka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Kama ndiyo mauti, basi angalau nanukia."

Mngedhani tulikoma. Salehe akakaa na wazee wa ukoo wake, wakakubaliana kwamba kosa halikuwa hewa, kosa lilikuwa kopo. Hewa ya kopo imekaa, imechacha. Hewa ya kweli ipo, tena ya bure, iko juu mlimani, tunaitazama kila siku. Asubuhi muuguzi anaingia na dawa, kitanda kitupu. Walikuwa wamemfunga kwenye machela ya mianzi na wanapanda naye Kinole, kuelekea msituni, vijana wanapokezana, na Salehe mbele anaimba.

Mimi ndiye niliyeagizwa nimfuate pamoja na daktari. Mheshimiwa, umewahi kumwona mtu aliyesoma akipanda Uluguru na viatu vya ngozi? Alipanda, akateleza, akapanda. Koti jeupe likawa jekundu kwa udongo. Migomba inampiga usoni, akina mama mashambani wanamsalimia, naye anaitika kwa mkono tu kwa sababu pumzi ya maneno hana. Tulipowakuta walikuwa wamemlaza Mwaisha kwenye majani, wanampepea kwa kanga, wanamwambia, "Vuta, dada, vuta." Amelegea. Midomo imekuwa ya kijivu. Sikuwa na utani wowote siku ile, nawaambieni kweli. Niliogopa.

Daktari akapiga magoti, akamshika mkono, na akaanza tena kufundisha! Anahema kama mvukuto, anafundisha. "Huku juu," anasema, "hewa ni nyembamba kuliko chini. Mmemtoa kwenye hewa nyingi mkampeleka kwenye hewa kidogo." Salehe akamjibu, "Daktari, hewa hii hapa, naisikia inaingia mpaka kwenye mbavu." Wakabishana. Mimi nikamwona Mwaisha anafungua jicho moja.

Daktari naye akamwona. Akaacha kubishana, akamgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema jambo fupi. "Mama Mwaisha, ndizi ziko wapi?"

"Mlimani," akajibu.

"Zikiwa nyingi sana mlimani, na lori halipo, Mkuyuni watakula nini?"

Mtu amelala hoi, lakini ukimgusa kwenye ndizi unaona hesabu zinapita usoni. "Lori," akasema. "Damu ndiyo lori."

"Damu ndiyo lori."

"Na yangu nimeimwaga yote mimi mwenyewe, nikaficha chini ya kanga." Kisha akageuza shingo akawatazama kaka zake wote waliomzunguka, na ile sauti, ile sauti yenyewe ya gulioni, ikatoka. "Nishusheni, wapumbavu ninyi! Sina lori, mnanileta shambani!"

Tukamshusha. Sasa anahitajika mtu wa kutoa damu. Nendeni mkaulize, lukolo wake ni mkubwa, wanajaza uwanja huu. Siku hiyo nzima hawakuonekana. Mmoja kafiwa ghafla, mwingine amekumbuka shamba lake lililoko Mzumbe, ambalo hana. Salehe mwenyewe alifika mpaka mlangoni, akaiona sindano, akasema anakwenda kufunga mbuzi. Mpaka leo anafunga. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu ile ya zamani ya mumiani, wanyonya damu tuliotishwa nao utotoni, na mzee wao mmoja akaiweka vizuri sana: zamani mumiani walifanya kwa kificho, sasa mambo yameachiwa huru, wamepewa leseni.

Nikabaki mimi. Damu yangu ikapimwa, ikakubaliana na yake. Watani wa tangu mababu, damu inakubaliana! Nilitaka kukata rufaa. Muuguzi akaniambia nilale. Nikamwambia fundi halali mchana. Akatoa sindano, na nilipozinduka nilikuwa nimelala, na mfuko umejaa. Mfuko wa pili akatoa Sista Veronika, na tangu siku hiyo Mwaisha hajapunja mteja. Tunamwonea huruma, lakini damu ya sista ndivyo ilivyo.

Wakati huo daktari alikuwa anatuliza ule moto kwa dawa zake, usaha ukakauka, homa ikashuka. Damu ikapanda. Akapelekwa Dar es Salaam na rangi usoni, akapigwa mionzi, tukangoja. Mimi huku, Mungu anisamehe, nilikuwa na mambo mawili moyoni. Mchana namwombea apone, na nikifika nyumbani naipiga pasi ile kanga ya msiba, kwa sababu mtani lazima awe tayari. Hayo mawili hayakugombana ndani yangu hata mara moja, na asiye na mtani hawezi kuyaelewa.

Akarudi. Ameteremka kwenye basi hapo mnadani, amekonda, kanga inamzunguka mara mbili, na neno la kwanza ni kwa muuza ndizi aliyekalia nafasi yake. Sitalirudia mbele ya Baba Paroko. Daktari alimpima, akampima tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Uvimbe haukurudi. Mpaka leo haujarudi.

Hayo ndiyo mashitaka yangu. Nilikuwa na msiba wangu mzuri, nimeufanyia mazoezi, nimeunyooshea kanga, daktari huyu akauchukua. Tena kwa damu yangu mwenyewe! Na huyo aliyefaidika, mnadhani ananishukuru? Nikimwomba ndizi ananiambia, "Nikulipe nini, Kiraka, nusu yangu si ni wewe? Utajidaije?" Unasemaje, Mwaisha? Paza sauti. Anasema damu yangu ilimharibu, kwamba tangu aipate anaogopa sindano. Mmemsikia.

Sasa nimeahidi jibu la skafu, na pilau naona limeiva, basi niseme.

Nimeifunga kwa sababu chini yake kuna uvimbe. Safari hii daktari amejifunza, amenieleza ni uvimbe upi kati ya zile aina mbili. Kipande kilikatwa, kikapelekwa Dar es Salaam, majibu yamerudi. Ni saratani. Mke wangu anajua, Baba Paroko anajua, na ninyi mmejua sasa, na mnaweza kuendelea kuninunulia soda kama kawaida.

Daktari Hafidhi alitakiwa awe Dakawa tangu wiki iliyopita, mpunga unamngoja. Akaahirisha. Akakaa na Daktari Irene, wakanipima, wakakuta damu yangu iko chini, na daktari akanikalisha kibarazani pale pale penye alama ya chaki. Nikamwambia, usichore. Lori najua. Na mimi nitakwenda kupigwa mionzi, na mimi kwanza naongezewa damu.

Mwaisha alipopata habari alifika hospitali amekunja mkono wa gauni mpaka begani. Nusu ni ya Kiraka, anasema, nakuja kurudisha. Wakamkatalia. Mtu aliyeugua alivyougua yeye hatolewi damu. Aligombana na Daktari Irene, akagombana na Sista, akagombana na kitanda. Kisha akaondoka bila kuniaga, nami nikasema moyoni, sawa, mtani ndivyo alivyo.

Jana asubuhi nasikia kelele nje ya chumba cha damu. Nikachungulia. Lukolo mzima. Wale wale. Aliyefiwa ghafla, na yule mwenye shamba Mzumbe, na yule mzee wa leseni amekalia kigoda chake mwenyewe, wamepanga foleni, na Mwaisha anapita pembeni kama mwalimu wa zamu, anayesogea nje anarudishwa kwa kanga. Mbele kabisa, Salehe. Amefumba macho kabla hata ya kuingia. Mkono mmoja ameunyoosha kwa muuguzi, na kwa ule mwingine ameshika kopo jipya la Hewa Mbichi, nimwekee Lukasi kitandani, anasema, haliwezi kudhuru. Na Bonifasi nyuma yao na pampu yake, kama itahitajika.

Nikamwuliza Mwaisha, "Watu wako waliokukimbia wewe ndugu yao, imekuwaje waje kwangu?" Akanitazama kama mteja anayebishania bei iliyokwisha kutajwa. "Nimewaambia ukweli," akasema. "Nimewaambia Kiraka akitangulia, siku yangu nani ataniigiza? Watanizika kimya kimya kama mgeni."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, na wazee wote mlio mashahidi, nayafuta mashitaka. Daktari Hafidhi, hukuninyima msiba. Uliuahirisha, na mimi sasa naomba uzidi kuahirishwa, wa kwake na wa kwangu. Nenda Dakawa salama. Mpunga ukiuliza ni saa ngapi, uuchoree. Wewe ulipanda mlima kwa viatu vya ngozi kwa ajili ya muuza ndizi, na mimi nimekupenda tangu siku ile, nilikuwa sijakuambia. Daktari Irene, umepewa kiti kizito, nasi tutakusumbua hivyo hivyo. Sista, asante kwa damu na kwa fagio.

Mimi naingia wodini jioni hii. Nikitoka na damu ya Salehe, mkaniona ninanunua kitu bila kuelewa maandishi yake, msinicheke, mtajua imetoka wapi. Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu wakati matumbo yenu yalikuwa kwenye sufuria.

Na wewe, mwenye kanga ya njano safu ya tatu, nakuona. Futa uso. Mtani halii. Jogoo wangu nitamchagua mwenyewe.